Herufi nne juu ya stempu na hatima ya Wachagosi

WIKI jana mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliniuliza: kile kikaratasi tunachokibandika kwenye bahasha ni stempu, stampu au tikiti ya posta? Nilimjibu kwa ufupi kwamba stempu ndilo neno lililozoeleka na ndilo ninalolipendekeza. Msamiati wetu wa barua una wazazi wengi: barua na anwani tumevipata kwa Mwarabu, stempu kwa Mwingereza. Hapo ningeishia. Lakini swali lenyewe lilinikumbusha bahasha moja ambayo ninayo mpaka leo, na bahasha hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya.

Nilikuwa darasa la sita, miaka ya themanini, na kama vijana wengi wa wakati huo nilikuwa mkusanyaji wa stempu. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi bandarini Kilindini. Tangu Kenya na Marekani zilipotia saini mkataba wa 1980 wa matumizi ya bandari na viwanja vya ndege, manowari za Marekani zilikuwa zikitia nanga Mombasa mara kwa mara, na mjomba alikuwa amefanya urafiki na baharia mmoja. Siku moja akaniletea bahasha aliyotumiwa na rafiki yake. Stempu ilikuwa ya Marekani. Anwani ya mtumaji ilisema FPO San Francisco. Nikafurahi kweli kweli kwamba nimepata barua kutoka California.

Mjomba akacheka. "Mpwa wangu, hiyo San Francisco ni ya kwenye karatasi tu. Huyu yuko Diego Garcia, hapo mbele yetu, siku tano sita kwa meli."

Nilichukua ramani. Kumbe Diego Garcia ni kisiwa katikati ya Bahari Hindi, zaidi ya kilomita 3,500 mashariki mwa Mombasa, katika funguvisiwa la Chagos. Mbona basi barua iseme San Francisco? Baadaye nilielewa. Jeshi la Marekani lina posta yake. Barua ya askari aliye ng'ambo huhesabiwa kama imetoka ndani ya Marekani, akimwandikia mamake Texas hulipa nauli ya nyumbani, na anwani huandikwa kwa namba na herufi zisizotaja nchi aliyomo. Siku hizi herufi hizo ni AP kwa walio upande wa Pasifiki, AE kwa Ulaya, Mashariki ya Kati na sehemu kubwa ya Afrika, na AA kwa sehemu nyingine za mabara ya Amerika. Diego Garcia, iliyo Bahari Hindi, imewekwa chini ya AP. Waingereza nao wana mfumo wao wa BFPO. Sababu ni mbili: usiri na gharama. Ila kwa mtu wa lugha kuna jambo la tatu, kwamba mahali panaweza kufutwa kwa kutotajwa.

Sasa tuangalie mahali palipoundwa kwa kutajwa. Mnamo Novemba 8, 1965, Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos na koloni lake la Mauritius, ikachukua Aldabra, Farquhar na Desroches kutoka Ushelisheli, ikaviunganisha na kuviita Eneo la Uingereza katika Bahari Hindi, kwa kifupi BIOT. Mauritius, iliyokuwa ikisubiri uhuru wake wa 1968, ililipwa pauni milioni 3. Desemba 1966 Uingereza ikakubaliana na Marekani kwamba visiwa hivyo vitumike kwa ulinzi kwa miaka 50, na uwezekano wa kuongeza 20.

Koloni jipya lilihitaji stempu. Mnamo Januari 17, 1968, zikatolewa stempu zilezile za Ushelisheli zikiwa zimepigwa chapa juu yake: B.I.O.T. Herufi nne na nukta nne, basi. (Katika baadhi ya stempu nukta moja ilisahaulika, na wakusanyaji huzilipia hizo zaidi. Kwa watu hao kosa la uakifishaji ni mali!)

Mbinu hii ya kupiga chapa juu si ngeni kwetu. Mwaka 1890 stempu za Uingereza zilichapwa jina la kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala huku kwetu. Waingereza walipokiteka kisiwa cha Mafia mwaka 1915, walichukua stempu za Wajerumani walizozikuta wakazigonga G.R. MAFIA. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, stempu zenye uso wa Mfalme George wa Sita zilichapwa E.A.F., yaani Majeshi ya Afrika Mashariki, zikatumiwa Somalia. Mwenye wino ndiye mwenye nchi, angalau mpaka aje mwingine na wino wake.

Wanaisimu wa pragmatiki, wakifuata mawazo ya J. L. Austin, husema kuna matamko yasiyoeleza jambo bali yanalitenda. Kadhi akitamka mmeoana, mmeoana. Nadhani maandishi ya stempu ni ya jamii hiyo. Stempu ya BIOT haikuwa ikieleza kwamba kuna nchi iitwayo hivyo. Ilikuwa ikiitenda nchi hiyo iwepo, na kila karani wa posta wa kigeni aliyeipokea bila swali alikuwa ameitikia.

Lakini kulikuwa na watu pale. Wachagosi walikuwa kati ya 1,500 na 2,000 hivi, wazao wa watumwa walioletwa na Wafaransa kutoka Msumbiji na Madagaska mwishoni mwa karne ya 18 kufanya kazi katika mashamba ya minazi, pamoja na wengine waliofuata. Walikuwa na Krioli yao, makanisa yao na makaburi yao. Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, koloni lenye wenyeji hutolewa ripoti na wenyeji hao wana haki zao. Kwa hivyo wenyeji wakaondolewa kwanza katika lugha. Maafisa wa Uingereza waliamua kuwaita wafanyakazi wa mkataba, watu wa kuja na kuondoka. Katika waraka mmoja wa 1966 afisa aliwafanyia dhihaka, akawafananisha na akina Tarzan. Baada ya lugha kufanya kazi yake, meli zikafuata. Kati ya 1968 na 1973 wote waliondolewa na kupelekwa Mauritius na Ushelisheli. Diego Garcia iliachwa bila wenyeji mwaka 1971. Mbwa wao waliuawa kwa moshi.

Mojawapo ya meli zilizowabeba iliitwa Nordvaer. Masimulizi ya Wachagosi juu ya meli hiyo yanatisha: watu wengi kupita kiasi, na farasi wa mashamba wakipewa nafasi bora kuliko binadamu. Nami nikaikuta Nordvaer pahali nisipoitarajia, kwenye stempu. Mwaka 1969 BIOT ilitoa seti ya meli za visiwani na Nordvaer ikiwamo, ya rupia moja. Mwaka 1974, wakati visiwa vya Chagos havikuwa tena na mwenyeji hata mmoja, ikatolewa seti nyingine kuadhimisha miaka mitano ya posta iliyokuwa ndani ya meli hiyohiyo. Hebu tafakari, msomaji. Sidhani mchoraji alikusudia kejeli. Ni picha nzuri tu ya meli baharini, na hilo ndilo linaloniumiza.

Mwaka 1976 Aldabra, Farquhar na Desroches vilirudishwa kwa Ushelisheli, na stempu za BIOT zikakoma hadi 1990. Ushelisheli ikafanya jambo ambalo mpenzi yeyote wa lugha atalifurahia. Kuanzia 1980 ilitoa stempu maalumu za visiwa vyake vya mbali, na jina likaandikwa kwa Krioli: Zil Eloigne Sesel. Mwaka 1982 likawa Zil Elwagne Sesel. Kufikia 1985 likawa Zil Elwannyen Sesel. Jina ni lilelile, visiwa ni vilevile. Kilichokuwa kikibadilika ni othografia, kwa kuwa Krioli ilikuwa ndiyo kwanza inasanifishwa na kila hatua ilizidi kuitenga na tahajia ya Kifaransa. Sisi tuliopitia mabishano ya Kamati ya Lugha ya 1930 tunaijua hali hiyo, ila mabishano yetu hayakuwahi kubandikwa kwenye bahasha.

BIOT nayo ilirudi na stempu za pauni, ingawa katika kambi yenyewe watu hununua vitu kwa dola. Walionunua stempu hizo kwa wingi ni wakusanyaji walioko mbali. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Chagos ilitengwa na Mauritius kinyume cha sheria. Mei mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6. Kisha Agosti 2021, katika kongamano la Umoja wa Posta Duniani mjini Abidjan, nchi 77 zilipiga kura kwamba stempu za BIOT zisisajiliwe wala kusambazwa tena na chombo hicho. Nchi 6 zilipinga, 41 hazikupiga upande wowote. Tamko lililokuwa limeitikiwa tangu 1968 likakosa waitikiaji.

Mei 22, 2025, Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kuirudishia Mauritius visiwa hivyo, huku kambi ya Diego Garcia ikikodishwa kwa miaka 99. Mkataba huo uliiruhusu Mauritius kuwarejesha watu kwenye visiwa vingine, ila si Diego Garcia. Wachagosi wengi, wakiwemo walio mjini Crawley kule Uingereza, walilalamika kwamba mazungumzo yalifanywa juu ya vichwa vyao. Wametajwa katika mkataba lakini hawakuwa wasemaji wake. Jina gani litaandikwa kwenye stempu zijazo, na kwa tahajia ya nani, hawakuulizwa.

Bahasha ya mjomba ningali nayo. Uamuzi wa Abidjan haukuigusa, maana stempu yake ni ya Marekani, na kwenye muhuri hakuna neno Chagos.