Rumba Chini ya Milima ya Uluguru

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni na vijana. Katika hotuba ile aliuliza jambo lililowachoma wasomi wa wakati huo. Wengi wetu, alisema kwa maana hiyo, tumejifunza kucheza dansi za Kizungu, tunaijua rumba na tunaijua chachacha. Je, ni wangapi kati yetu waliowahi kucheza gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama, au hata kuzisikia?

Wakati huo nilikuwa mtoto wa shule huko Mgeta, juu milimani, ambako asubuhi ukungu hauondoki mpaka jua lipande. Hotuba ile niliisoma baadaye, nikiwa mwanachuo wa ualimu, na tangu siku hiyo swali lake halijanitoka. Mimi ni Mluguru, nimefundisha walimu karibu maisha yangu yote ya kazi, na nilijifunza kucheza rumba. Sasa nimevuka miaka 70, nami nataka kulijibu kwa heshima, kwa kueleza jinsi rumba ilivyofika Morogoro na kazi iliyoifanya kati yetu.

Tuanze mbali kidogo. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka bonde la Kongo na Afrika Magharibi walikwenda Kuba na ngoma zao kichwani, maana hawakuwa na mizigo mingine. Huko midundo yao ilikutana na gita la Wahispania, na katika sehemu za mashariki ya kisiwa ukazaliwa muziki uitwao son. Wafanyabiashara wa santuri walipoanza kuuza muziki huo nchi za nje, waliuita wote rumba, ingawa kwa Wakuba wenyewe rumba ni kitu kingine, cha ngoma na sauti za watu. Mwaka 1930 bendi ya Don Azpiazu ilirekodi mjini New York wimbo wa muuza karanga, “El Manisero”, nao ukaenea duniani. Mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ikaanza kutoa kwa ajili ya Afrika mfululizo wa santuri zilizopewa herufi GV, na nyingi kati yake zilikuwa za Kuba. Santuri hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulikwisha kwa dakika tatu hivi. Gramafoni yenyewe ilitiwa ufunguo kwa mkono, hivyo haikuhitaji umeme.

Kutoka bandarini mpaka kwetu njia ilikuwa wazi. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na mji ukakua kwa wageni. Walikuja vibarua wa mashamba ya mkonge kutoka pande zote za nchi, wafanyakazi wa reli, makarani wa serikali, wenye maduka wa Kihindi na wa Kiarabu. Waluguru tuliteremka kutoka milimani na ndizi zetu na mboga zetu, jioni tukarudi juu. Mji wa namna hiyo una watu wengi wanaoishi pamoja bila kujuana.

Katika mji huo alizaliwa, mwaka 1928, Salum Abdallah, ambaye baba yake alikuwa Mwarabu na mama yake Mluguru. Inasimuliwa kwamba santuri za Kuba zilimteka moyo kiasi kwamba alitoroka nyumbani akitaka kupanda meli kwenda Kuba kwenyewe, akaishia Mombasa. Mwaka 1948 alianzisha kikundi cha La Paloma, na mwaka 1952 kikawa Cuban Marimba Band. Hivyo Kuba ambayo hakuifikia aliijenga Morogoro. Aliimba kwa Kiswahili, juu ya mapenzi, misiba na siasa za siku zile, na santuri zake zikauzwa Afrika Mashariki nzima. Wimbo wake mmoja mashuhuri unaitwa “Ngoma Iko Huku”. Mtu aliyeipa bendi yake jina la Kuba hakuona taabu kuuita muziki wake ngoma. Aliaga dunia mwaka 1965 kwa ajali ya gari, na Juma Kilaza akaiongoza bendi baada yake.

Upande wa pili ilikuwapo Morogoro Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1944. Kijana Mbaraka Mwinshehe alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, na gita lake likaifanya bendi hiyo ijulikane kote nchini. Mji ukagawanyika, kama unavyogawanyika leo kwa Simba na Yanga. Ukimwuliza mtu ni wa wapi, alikutajia bendi yake kabla ya kijiji chake.

Wazee wetu milimani hawakuipenda dansi. Katika ngoma za kwetu wanawake wana mahali pao na wanaume mahali pao. Mwanamume na mwanamke kushikana mbele za watu, mkono mmoja kiunoni, lilikuwa jambo la aibu. Isitoshe, sisi huhesabu ukoo kwa mama, na watu wa ukoo mmoja ni ndugu hata kama hawajapata kuonana. Gizani ukumbini utajuaje kama uliyemshika si dada yako?

Mwaka 1970 niliingia chuo cha ualimu hapo chini ya milima. Tulitoka kila pembe ya nchi, wanaume kwa wanawake, na wiki za kwanza kila kundi lilikaa peke yake. Waliotoka Bukoba walikula pamoja, waliotoka Songea walifua pamoja, na sisi wenyeji tulijiona ndio wenye nyumba. Mwenzetu mmoja wa Tanga, ambaye baba yake alikuwa mtu wa reli, alikuja na gramafoni. Jumamosi moja mchana alitualika bwaloni, akasukuma meza ukutani, akatangaza kwamba atatufundisha chachacha na rumba.

Hakuanza na miguu. Alitusimamisha kwa mistari, kila mtu peke yake, akachukua vijiti viwili vya mti mgumu na kuvigonga mapigo matano: matatu, kisha mawili. “Haya ndiyo mlango,” alisema. “Asiyeyasikia abaki nje.” Tukapiga makofi matano yale mpaka viganja vikawaka moto. Yanaonekana rahisi, lakini yale matatu hayalingani na hatua za kutembea. Yanaangukia kati ya hatua, na anayetaka kuyashika kwa haraka huyapoteza. Baadaye nilisoma kwamba ndiyo uti wa mgongo wa muziki wa Kuba, na kwamba mapigo ya jamaa yake yamejaa katika ngoma za Afrika. Siku ile nilijua tu kwamba mikono yangu iliyazoea kabla ya akili.

Kisha ikaja miguu: mbele, nyuma, na vile vishindo vitatu vya haraka vilivyoipa chachacha jina lake. Enrique Jorrín, Mkuba aliyeitunga mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwamba jina lilitokana na mlio wa viatu vya wachezaji sakafuni. Mwisho kabisa tulishikana, tena kwa kubadilishana. Kila wimbo ulipokwisha, mwanamume alisogea hatua moja kulia na kumkuta mwenzi mpya. Kwa saa moja ulikuwa umecheza na darasa zima. Mrefu alijifunza kufupisha hatua, mwenye haraka alijifunza kusubiri. Aliyekanyaga wenzake alichekwa bila ubaya, maana sote tulikanyagana.

Hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Hakuna aliyekuwa mwenyeji wa chachacha. Kama tungeanza na ngoma ya Waluguru, mimi ningekuwa mwalimu na wengine wote wageni. Tungeanza na ya Wahaya, nasi tungekaa pembeni tukitazama. Mbele ya ngoma ya Kuba wote tulikuwa wanafunzi wa siku ya kwanza, kama tulivyokuwa tulipokutana na herufi za alfabeti. Ule ugeni wake ndio uliotuweka sawa.

Jumamosi ya tatu alikuja mjomba wangu kutoka Mgeta, amebeba kikapu cha viazi. Kwetu mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake, kupita hata baba. Alisimama dirishani mpaka santuri ikaisha. Nilitoka nikamwamkia.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Yule binti uliyemshika ni wa ukoo gani?”

Nikamwambia anatoka Songea. Akauliza wa pili, nikamwambia Bukoba. Akamwonyesha wa tatu, na huyo alitoka Matombo, upande wa pili wa milima yetu hiyo hiyo. Mjomba hakusema kitu. Alimwita yule binti kwa upole, akamwuliza mama yake na bibi yake ni akina nani. Walizungumza kwa Kiluguru, na kabla viazi havijapelekwa jikoni ilikwisha bainika kwamba ni ukoo mmoja nami.

Nilidhani atanikataza. Badala yake alituambia, “Chezeni, lakini mkono wako juu yake uwe mkono wa kaka. Na kabla ya kumnyooshea mtu mkono, mwulize kwao.” Yule dada aliishi kuwa dada yangu kweli, mpaka tukasimamiana katika harusi za watoto wetu. Na shauri la mjomba likawa desturi ya bwalo lile: kabla santuri haijawekwa, kila jozi mpya ilitajiana jina na nyumbani. Sikumbuki vizuri kila nilichofundishwa chuoni mwaka ule, lakini majina ya wenzangu na vijiji vyao ninayo mpaka leo.

Kipingamizi kikubwa kilitoka kwingine. Hizo zilikuwa siku za Azimio la Arusha. Mwaka mmoja nyuma, Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umeanzisha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na mambo ya kigeni yalitazamwa kwa jicho kali. Kiongozi mmoja wa eneo letu alifika chuoni akasema ni aibu walimu wa taifa kucheza kasumba ya wageni, akarudia swali la Mwalimu. Mkuu wa chuo alituruhusu tujibu. Mwenzetu wa Bukoba alisimama akauliza kwa adabu, “Mzee, tuko tayari kuacha. Tuanze na ngoma ya nani?” Watu wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na ndiyo maana hapakuwa na jibu.

Mkuu wa chuo alitoa uamuzi wa busara. Kila Jumamosi saa ya kwanza iwe ya ngoma, zikifundishwa kwa zamu na wanafunzi wa kila mkoa, na saa ya pili iwe ya dansi. Basi tukajifunza sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma, mdundiko wa Wazaramo. Tulikubali kufundishana kwa kuwa tulikwisha kuzoea kukosea mbele ya wenzetu. Wale wa Songea walitufundisha mganda, wakijipanga kwa mistari iliyonyooka kama askari. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mganda ni jamaa wa beni, ngoma iliyoiga bendi na gwaride za askari wa kikoloni. Nayo ilikuwa imekwisha kuwa ya asili! Kitu cha kuazima huwa chako ukikitunza na kukirithisha.

Bendi zetu zilikwisha kulijua hilo. Morogoro Jazz ilikuwa na mitindo yake, Sululu na Likembe, ambayo hakuna Mkuba angeitambua. Mwaka huo huo wa 1970 Mbaraka alikwenda Japani na wasanii wa Tanzania kwenye maonyesho makubwa ya Osaka. Mwaka 1973 aliunda bendi yake ya Super Volcano, na Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa bado kijana. Zama zile zimepita.

Jibu langu kwa Mwalimu, basi, ni hili. Alikuwa na haki kuuliza, maana mtu anayejua ya wengine tu ni fukara. Lakini kwetu Morogoro rumba haikuwa mwizi wa ngoma zetu. Ilitukutanisha mahali pasipo na mwenyewe, ikatufundisha kusikilizana, na kutoka hapo tukathubutu kuombana ngoma za nyumbani. UNESCO iliiingiza rumba ya Kuba katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2016, na ile ya Kongo mwaka 2021, safari ya kwenda na safari ya kurudi. Nilifurahi, ingawa orodha haichezi.

Siku hizi Jumamosi alasiri vijana wachache wa mtaa wetu huja uani kwangu pamoja na wazee wenzangu. Simu imechukua nafasi ya gramafoni. Vijana hawa ni hodari kuliko tulivyokuwa, ila wengi wamejifunza peke yao, kila mmoja mbele ya kioo cha simu yake, na mara ya kwanza kumshika mwenzake huona haya au hufanya papara. Huwapanga kwa mistari, nikawapa yale mapigo matano. Kisha, kabla ya muziki, kila mtu humwuliza mwenzake jina lake na kwao.