Njia Mbili za Kuifikia Ateri ya Basila

Historia ya upasuaji mara nyingi husimuliwa kama ngazi: njia mpya inakuja, ya zamani inaachwa. Naona ateri ya basila inakataa masimulizi hayo.

Ateri hii hupanda mbele ya shina la ubongo na kugawanyika ndani kabisa, kwenye kitako cha fuvu. Ukuta wake ukidhoofika kwenye njia panda hiyo, hufanyika kivimbe kinachoweza kupasuka na kuua. Mwaka 1937, Walter Dandy wa Baltimore alibana kivimbe kwa klipu ya fedha, lakini kile kilikuwa cha karotidi, mahali panapofikika. Basila iliendelea kuogopwa.

Mwaka 1961 Charles Drake, wa London ya Ontario nchini Kanada, alichapisha taarifa ya wagonjwa wanne. Njia aliyoijengea sifa ilipita ubavuni, juu ya sikio, kwa kuinua ubongo wa upande huo, ambao ungeweza kuumia kwa kuinuliwa. Gazi Yaşargil wa Zürich, akitumia hadubini, alipita mbele zaidi, karibu na paji la uso, akifungua mfereji wa Sylvius. Alieleza njia hiyo mwaka 1976.

Kwa haraka, ya pili ni bora. Lakini nyuma ya njia panda hutoka viateri vyembamba kama nyuzi, vinavyolisha sehemu zinazomfanya mtu awe macho. Klipu ikikamata kimoja tu, mgonjwa anaweza kupona jeraha na asizinduke. Ukitazama kutoka ubavuni unaviona. Kutoka mbele, kivimbe chenyewe huvificha. Kwa upande mwingine, kutoka mbele unaona matawi yote mawili ya ateri, jambo gumu ukiwa ubavuni. Na njia panda ikiwa chini, ukingo wa mfupa ulio nyuma ya tezi ya pituitari huiziba njia ya mbele. Kwa hiyo njia zote mbili zilibaki, na umbo la fuvu la mgonjwa lilikuwa na sauti kuliko umaarufu wa daktari.

Kisha, mwaka 1991, Guido Guglielmi alitangaza koili zinazopitishwa ndani ya mishipa yenyewe, bila kufungua fuvu. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulilinganisha koili na klipu kwa wagonjwa 2,143, koili zikashinda. Wenye vivimbe vya mishipa ya nyuma, basila ikiwemo, hawakufika asilimia 3: madaktari wengi walikuwa wamekwisha kuwapeleka kwenye koili kabla ya kulinganisha.