Mstari Unaofuata Viti

Mzazi anayesubiri matokeo ya mwanawe huwa na swali moja: amechaguliwa au hakuchaguliwa? Ndani ya swali hilo mna imani kwamba mahali fulani ipo alama iliyowekwa mapema na wataalamu, na kwamba mtoto aliyeivuka ana akili za kuendelea na masomo, aliyeachwa hana. Nadhani historia ya mitihani nchini Tanzania inaikanusha imani hiyo. Kwa muda mrefu wa historia hiyo, watahini walipanga watoto kwa alama zao, wakuu wa elimu wakahesabu nafasi zilizopo, na pale nafasi zilipoisha ndipo mstari ulipochorwa. Mstari ule ulipima upungufu wa mabweni, walimu na fedha za nchi, lakini aliyeambiwa kwamba ameshindwa alikuwa mtoto.

Chini ya Waingereza mstari ulikata mapema mno. Elimu ya Waafrika walio wengi iliishia darasa la nne, ambapo mtihani uliteua wachache wa kwenda shule za kati, darasa la tano hadi la nane. Mtihani wa darasa la nane nao ukawachuja hao wachache kwa ajili ya sekondari. Mwalimu Nyerere aliyaeleza matokeo ya mfumo huo kwa tarakimu katika waraka wake, Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967. Mwaka wa uhuru, 1961, watoto wapatao 490,000 walikuwa shule za msingi, wengi wao wakiishia darasa la nne. Sekondari zote za Tanganyika zilikuwa na wanafunzi 11,832, na katika hao, 176 tu ndio waliokuwa kidato cha sita. Hata baada ya juhudi za miaka sita, Mwalimu alikiri kwamba katika kila watoto 100 wanaomaliza shule ya msingi, 13 ndio wangepata nafasi ya sekondari, na waliobaki wangeondoka na hisia ya kushindwa. Hakusema kwamba hao 87 hawakuwa na uwezo. Alisema nchi haina pa kuwaweka, na kwa hiyo shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, isiyo maandalizi tu ya mtihani.

Katika jambo hilo wazazi hawakumfuata, na sina ubavu wa kuwalaumu. Kazi ya mshahara ilipitia sekondari, na sekondari ilipitia mtihani. Serikali yenyewe ilipanga idadi ya wanafunzi wa kidato cha kwanza kwa mahitaji ya nguvu kazi: makarani wangapi, wauguzi wangapi, walimu wangapi watahitajika. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971 na kuunda lake kwa sheria ya 1973. Mwaka 1977 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na madarasa ya kwanza yakafurika. Sekondari za serikali hazikupanuliwa kwa kasi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliokuwa wakipata nafasi katika sekondari hizo hawakufika 5 kwa kila wahitimu 100 wa darasa la saba. Kama alama hupima akili, basi itabidi tuamini kwamba watoto wa Tanzania walipungukiwa akili kwa zaidi ya nusu katika kipindi kisichofika miaka ishirini. Hakuna anayeweza kuamini hivyo. Wanafunzi waliongezeka, viti vikabaki karibu pale pale.

Ushahidi mwingine ni mgawo. Nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa mikoa, kisha kwa wilaya, ili Kilimanjaro na Kagera, zilizotangulia kupata shule za misheni, zisizibebe nafasi zote na kuiacha mikoa ya kusini na ya kati mikono mitupu. Wasichana nao walitengewa fungu lao. Naona mgawo huo ulikuwa wa haki, tena wa lazima kwa taifa lililotaka kuwa moja. Lakini tazama ulivyofanya kazi: watoto wawili wenye alama zile zile, mmoja akasomea wilaya hii na mwenzake wilaya ya pili, mmoja alikwenda kidato cha kwanza na wa pili akarudi shambani. Chuo kikuu kilifanya vivyo hivyo. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuomba kujiunga. Wanawake walipopungua chuoni, waliondolewa sharti hilo. Sera ikibadilika, mstari unasogea, na wanaosimama pande zake mbili ni vijana wale wale.

Wananchi walilielewa hili kwa vitendo. Mtoto asiyechaguliwa alihamishiwa shule nyingine, akarudishwa darasa la tano au la sita, akatumia jina la mtoto aliyeacha shule, na kufanya mtihani upya kama mtu mwingine, kwa kuwa kurudia darasa la saba kulikatazwa. Ndiyo maana wapo watu wazima leo wenye jina moja kijijini na jingine kazini, na baba aliyeandikwa kwenye cheti si baba aliyewazaa. Ulikuwa udanganyifu, na uliwanyima wengine nafasi. Lakini mzazi aliyekubali mwanawe apoteze jina la ukoo alikuwa na hakika kwamba hukumu ya mara ya kwanza haikuhusu kichwa cha mtoto. Wenye uwezo kidogo walikwenda njia ya wazi zaidi: shule za Jumuiya ya Wazazi, za makanisa na za mifuko ya maendeleo ya wilaya ziliongezeka hata kufikia mwisho wa miaka ya 1980 zikazipita za serikali kwa idadi. Watoto walioachwa na mstari walisoma humo, wakafanya mtihani ule ule wa kidato cha nne, na baadhi yao wakaingia kidato cha tano katika shule za serikali.

Hapa kuna pingamizi zito. Bila mtihani, nafasi ingekwenda kwa nani? Shule ya Tabora ilianzishwa miaka ya 1920 ikiwalenga wana wa machifu, na kila mfumo usio na alama una mjomba wake ofisini. Karatasi yenye namba badala ya jina ilimpa mtoto wa mkulima nafasi ambayo barua ya utambulisho isingempa kamwe. Nalikubali hilo bila kusita. Ila tutenganishe mambo mawili. Mtihani ukisimamiwa vizuri unaweza kusema kwa uaminifu nani kamzidi nani. Hauwezi kusema mahali pa kukatia, kwa sababu jibu la swali hilo limo katika bajeti, na katika karatasi za watoto halimo. Naitetea orodha, lakini uamuzi wa iishie namba ngapi ni wa watu, nao wanapaswa kuubeba.

Anayedhani hii ni hadithi ya zamani atazame viti vilipoongezeka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza 2004, shule zikiwa 1,200 na ushei. Kufikia 2009 zilikuwa zimepita 4,000, nyingi zikiwa shule za kata. Watoto ambao kaka zao walihesabiwa kuwa wameshindwa wakachaguliwa kwa alama za chini kuliko za kaka zao. Mwishoni mwa 2020 maelfu ya waliofaulu darasa la saba walikosa nafasi kwa uhaba wa vyumba, na mikoa ikapewa hadi mwisho wa Februari 2021 kumaliza ujenzi; bati na saruji vikawa sehemu ya matokeo ya mtihani. Kenya, ilipoamua kwamba kila mtoto aende sekondari, haikuhitaji tena chujio la KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na mtihani huo ukafanywa kwa mara ya mwisho 2023.

Wengine watasema shule za kata ziliwapa watoto kiti bila elimu, na watataja matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo watahiniwa 60 hivi kwa kila 100 walipata sifuri. Ni kweli kwamba shule hizo zilifunguliwa bila maabara na bila walimu wa kutosha, na watoto walidhulumiwa kwa hilo. Hata hivyo Mei 2013 serikali iliyafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika 2011. Karatasi zile zile, majibu yale yale, na baadhi ya waliolala wamefeli wakaamka wamefaulu. Mwaka uliofuata upangaji wa madaraja ukaacha Divisheni ukaingia GPA, yaani wastani wa alama, kisha ukarudi Divisheni.

Sasa mstari umehamia juu, kidato cha tano na vyuoni. Wakati chuo kikuu kilipochukua wachache, aliyepata nafasi alilipiwa na serikali. Uchangiaji wa gharama ulikuja miaka ya 1990, na Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya 2004. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, huchukua wahitimu wa sayansi waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita, kwa kadiri ya fedha iliyotengwa. Bodi hutoa majina ya waliopata mikopo kwa awamu. Kijana anayekosa awamu ya kwanza na kupata ya pili hakufanya mtihani wowote katikati, wala familia yake haikuwa maskini zaidi. Basi kila tangazo la namna hii liandike, juu kabisa ya majina, nafasi zilikuwa ngapi, walioomba wakiwa na sifa walikuwa wangapi, na ni kiasi gani cha fedha kingewatosha waliobaki.