Ruhusa ya Kufundisha: Tangu Mpala hata Lisansi

Kalengera ni mahali katika njia itokayo Goma kwenda Rutshuru, nchi ya Bwisha. Kijana wa pale akitaka leo kufundisha katika masomo ya sekondari, anajua vizuri mambo atakayoulizwa. Kwanza diploma ya Serikali, ile inayopatikana mwisho wa sekondari. Kisha yampasa kuingia katika iniversite, ao katika moja la masomo makubwa ya pedagogia, yale tunayoyaita ISP. Akitoka huko na lisansi mkononi, direkta ataweza kumwandika.

Wengi wanafikiri kwamba jambo hili ni la siku hizi tu. Wanasema: zamani mtu alifundisha kwa sababu alipenda, na leo anafundisha kwa sababu ana karatasi. Sivyo. Tangu misheni ilipofungua masomo ya kwanza katika nchi yetu, mwalimu alifundisha kwa ruhusa. Kilichobadilika ni mtoa ruhusa, na jambo alilolitazama kabla ya kuitoa. Tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua. Yatuhusu sana, sisi mapadri, wafratri na wakatekista, kwa kuwa masomo mengi ya nchi yetu ni masomo ya Eklezia, na kila mwaka tunapokea walimu wapya.

Walimu wa kwanza

Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, kutoka mikononi mwa chama cha Mfalme Leopold II. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao mwaka 1868, alitaka Afrika iongolewe na Waafrika wenyewe. Ndiyo maana mwaka 1881 alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, vijana Waafrika wapate kujifunza uganga. Mmoja wao, Adrien Atiman, alifika Karema, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1889, akatumika pale kama mganga na katekista hata kufa kwake mwaka 1956.

Walimu wa vijiji hawakupita Malta. Walikuwa vijana wa misheni waliojua kusoma, kuandika, kuhesabu na katekisimu. Walikaa darasani pamoja na padri, wakamsaidia. Padri alisikiliza namna walivyowauliza watoto, akasahihisha. Na alipoona kwamba mmoja ameweza, alimtuma kijijini. Kutumwa huko kulikuwa ndiyo diploma yake. Elimu yake ilikuwa ndogo, lakini aliyemtuma alikuwa amemwona akifundisha kwa macho yake mwenyewe.

Mwaka 1906 Baba Mtakatifu na Serikali ya Kongo ya Leopold walifanya mapatano. Kila misheni, kadiri ya nguvu zake, ilipaswa kufungua masomo yenye kufundisha watoto kilimo na kazi za mikono. Programu ilipaswa kupelekwa kwa Guvernere Mkuu. Hivi Serikali ilianza kutia jicho katika darasa, lakini bado kwa mbali. Huku kwetu, misheni ya Lulenga chini ya mlima Mikeno ilikuwa imekwisha simama mwaka 1921, na kazi ya mwalimu na ya katekista ilikuwa bado karibu kazi moja.

Serikali inaingia darasani

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya vita ya kwanza ya dunia. Tangu mwaka 1925 Wabelgiji walifanya mapatano mapya na misheni zao, na mwaka 1929 wakatoa kanuni kamili katika kitabu kidogo cha jalada la manjano. Masomo ya msingi yaligawanywa: degre ya kwanza miaka 2, degre ya pili miaka 3. Juu yake yaliwekwa masomo ya normali ya miaka 3, kwa kutengeneza monitere. Serikali ilitoa franka, misheni ikafuata programu, na mainspekta wakapita kuangalia.

Basi monitere wa siku zile alikuwa mtu aliyesoma miaka 8 yote pamoja. Ni kidogo. Lakini tuangalie namna alivyotayarishwa. Alijifunza mambo atakayofundisha, alijifunza pedagogia, na alifundisha watoto kweli, mwalimu wake akiwa amekaa nyuma ya darasa, wenzake wakiandika makosa yake. Mwaka ule ule wa 1929, Baba Mtakatifu Pio XI alitoa barua yake kubwa juu ya malezi ya Kikristu, akaweka mwalimu mwema mbele ya kanuni njema.

Mwaka 1948 kanuni zilipangwa upya, na misheni za Waprotestanti nazo zikapata msaada wa Serikali. Walimu wa madarasa ya chini walisomeshwa pedagogia miaka 2. Monitere wa kweli walisoma miaka 4. Hatua ilipanda. Lakini ngazi ilikuwa bado na mwisho, na mwisho huo ulikuwa chini.

Mlango uliokawia kufunguliwa

Hapa tuseme wazi jambo linaloumiza. Kwa muda mrefu masomo makubwa kwa Mwafrika katika Kongo yalikuwa seminari kubwa tu. Stefano Kaoze, kijana wa Mpala, alipokuwa bado mfratri aliandika juu ya akili na roho ya Wabantu, na gazeti la Revue Congolaise likayachapa mwaka 1910 na 1911. Alipewa upadri huko Baudouinville mwaka 1917, wa kwanza wa nchi yetu. Mwenzake mwenye akili kama yake, asiyeitwa upadri, angekwenda wapi? Angekuwa monitere ao karani, na njia ingeishia pale.

Lovanium, iniversite ya Wakatolika kule Kimwenza karibu ya Léopoldville, ilifunguliwa mwaka 1954, na pedagogia ilikuwa moja la mafundisho yake. Iniversite ya Serikali kule Elisabethville ilifuata mwaka 1956. Miaka ilikuwa imebaki michache mno. Mwaka 1960, siku ya uhuru, watoto zaidi ya milioni 1 na nusu walikuwa katika masomo ya msingi. Mapadri wa nchi walipita 500. Lakini Wakongo wenye diploma ya iniversite hawakufika 30. Waliofundisha katika sekondari walikuwa karibu wote Wazungu, na wengi wao walirudi kwao katika machafuko ya mwaka ule. UNESCO ikapaswa kutafuta walimu inchi za nje, na kati yao walikuwako watu wa Haiti.

Basi anayesema kwamba karatasi si kitu, akumbuke mwaka 1960. Watu wengi walijua kufundisha mtoto kusoma. Karibu hakuna aliyepewa nafasi ya kujifunza hesabu ya juu, fizika, ao historia, apate kuwafundisha wakubwa. Ndiyo maana mwaka 1961 Chuo cha Taifa cha Pedagogia, kilichoitwa IPN, kilifunguliwa kule Léopoldville kwa msaada wa UNESCO. Kazi yake ilikuwa kutengeneza walimu wa sekondari.

Neno moja, vipimo viwili

Mwaka 1971 Serikali ya Mobutu iliunganisha iniversite zote kuwa moja tu. Mafundisho ya barua yalipelekwa Lubumbashi. Yale ya pedagogia na saikolojia yalipelekwa Kisangani. Kijana wa Rutshuru aliyetaka lisansi ya pedagogia ya iniversite alipaswa kuvuka msitu mzima. Mwaka 1974 Serikali ilinyang'anya Eklezia masomo yake. Tarehe 26 Februari 1977 ikafanya mapatano ya kuyarudisha katika ulezi wake. Tangu hapo Eklezia inasimamia, na Serikali inaweka programu, inalipa walimu na kutuma mainspekta. Mwaka 1981 iniversite zilitengana tena, na mwaka 1989 ziliongezeka karibu nasi: ile ya Wakatolika ya Bukavu, na ile ya Graben kule Butembo.

Katika mpango uliodumu miaka hiyo yote, mwalimu wa baadaye alisoma kwanza miaka 3, akapata graduati. Nyuma yake ilikuja miaka 2 ya lisansi. Aliyesoma ISP alijifunza elimu yake na kazi ya ualimu pamoja. Aliyesoma katika fakulte nyingine za iniversite aliongeza agregasio, ndiyo kusema mafundisho ya pedagogia na mazoezi ya darasani, apate ruhusa ya kufundisha madarasa ya juu ya sekondari.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mpango mpya umeingia, uitwao LMD. Katika mpango huu lisansi inapatikana kwa miaka 3, na masta inafuata kwa miaka 2. Basi neno ni moja, vipimo ni viwili. Lisansi ya zamani ni miaka 5; lisansi ya sasa ni miaka 3. Direkta anayepokea barua za wanaoomba kazi yampasa kutazama mwaka na mpango kabla ya kulinganisha watu wawili. Tena tuwe na haki: mpango huu haukubuniwa kwa kudanganya watu. Unafuata namna ya inchi nyingi, mwanafunzi wa kwetu apate kuendelea kwingine bila kuanza upya. Lakini miaka ikipunguka, ni lazima kuuliza kitu gani kitaondolewa.

Darasa la mazoezi

Sisi tunaogopa kwamba kitakachoondolewa ni mazoezi. Elimu ya vitabu inaulizwa katika mtihani. Mazoezi yanashuhudiwa kwa saini tu, na saini ni rahisi kupatikana. Tunajua staji inavyotakiwa kuwa. Mwanafunzi anaandika fishi ya somo: shabaha, maswali, mifano, muhtasari wa ubaoni. Mwalimu wa darasa anaisoma mbele. Kisha mwanafunzi anafundisha, mwalimu akikaa nyuma. Mwishoni wanakaa wawili, na makosa yanasemwa bila haya. Somo la kesho linatengenezwa kwa makosa ya leo. Lakini pengine tunaona staji ya namna nyingine: mwalimu wa darasa anafurahi kupata mtu wa kumpumzisha, anatoka nje, na mwisho wa mwezi anatia saini. Mwanafunzi huyo amefundisha, ni kweli. Lakini hakuna aliyemwona.

Vita imezidisha taabu hiyo. Mwisho wa Oktoba 2022 Rutshuru na Kiwanja ziliingia mikononi mwa M23, na watu kwa maelfu walikimbilia Kanyaruchinya karibu ya Goma. Masomo mengi yalifungwa, mengine yakawa makao ya wakimbizi. Mwanafunzi wa lisansi aliyetoka upande wa Kalengera alipoteza darasa la kwao, na mjini alikuta madarasa yamejaa. Kwa mtu kama huyo kumpa saini ya huruma ni kishawishi kikubwa. Lakini watoto atakaowafundisha ni watoto wa vita ile ile, waliopoteza miezi na miaka. Hao hasa wanahitaji mwalimu aliyejaribiwa.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya mwaka 1965, ulidai kwa walimu mambo haya yote pamoja: elimu ya dunia, elimu ya dini, diploma zinazofaa, na ufundi wa kufundisha. Historia yetu inaonyesha vizuri sababu. Katekista wa Mpala alikuwa na jicho la padri juu yake, lakini alikosa elimu. Mwenye lisansi wa leo ana elimu ambayo wazee wetu walinyimwa; tusimnyime jicho lile.

Tufanye nini, basi? Kwanza, paroko mwenye kusimamia masomo aombe kwa direkta orodha ya wanafunzi wa staji, na jina la mwalimu anayewafuata mmoja mmoja. Pili, tuchague kwa kazi hiyo walimu walio hodari, na tuwashukuru mbele ya wote, maana ni kazi ya ziada. Tatu, ninyi wafratri mnaotumwa kufundisha katika mwaka wa majaribio, msikatae kuketiwa nyuma ya darasa na mwalimu mlei. Yeye ameijua kazi hiyo kuwapita. Nne, wakatekista wawalete nao wasaidizi wao katika mazoezi kama hayo, kabla ya kuwapa kikundi cha watoto.

Mwisho wa staji, mtu atakuja kwetu na karatasi yake. Tusitie saini kabla ya kumsikia akifundisha.