Fishie haiko jina yake: historia fupi ya watu wenye walifungua mufuko



Mukulima mwenye akili haamini mufuko wa mbegu juu tu ya etiketi. Etiketi inaweza kusema ni mahindi ya mwaka huu, na ndani ukute mbegu ya zamani yenye wadudu wamekwisha kutoboa. Njo maana anafungua mufuko, anatia mukono, anatosha mbegu kidogo na kuziangalia.

Mu ordinatere mambo ni vilevile. Jina « TFC_mwisho.docx » ni etiketi tu. Mbegu yenyewe ni okte zenye ziko ndani. Na kuko chombo cha kufungua mufuko huo: wanakiita editeri ya ekzadesimali. Leo tuangalie namna chombo hiki kilizaliwa, juu historia yake inafundisha kitu chenye kinaweza kuokoa kazi ya mutu ya mwaka muzima.

Juu ya nini alama kumi na sita?

Ordinatere haijue herufi wala picha. Inajua tu hali mbili, 0 na 1: hiyo ni biti. Biti 8 pamoja zinafanya okte moja, ile Waingereza wanaita baiti. Jina hilo la baiti lilitungwa mu 1956 na Werner Buchholz, fundi wa IBM.

Lakini jaribu kusoma 01010000 01001011 mupaka mwisho wa ukurasa. Macho inachoka na makosa inaingia. Njo mafundi walitafuta namna ya kufupisha. Biti 4 zinaweza kupangwa namna 16 tofauti. Kama kila namna inapewa alama yake moja, okte nzima inaandikwa na alama mbili tu: 01010000 inakuwa 50, na 01001011 inakuwa 4B.

Shida ilikuwa hii: tarakimu tunazo kumi tu, 0 mupaka 9. Alama sita zenye zinabakia zitatoka wapi? Kila mutu alijibu kwa njia yake. ILLIAC I, mashini ya University of Illinois ya mwaka 1952, ilitumia K, S, N, J, F na L. Bendix G-15, ya 1956, ilitumia u, v, w, x, y na z. Karatasi ya mashini moja ilikuwa kama luga ya kigeni kwa mutu wa mashini ingine. Kisha, tarehe 7 mwezi wa 4 mwaka 1964, IBM ilitangaza System/360, mashini za okte ya biti 8 zenye ziliandika A, B, C, D, E, F. Mashini hizo zilienea sana, wengine wakafuata, na mupaka leo tunaandika vile.

Kuangalia bila kugusa

Wakati ule, kufungua mufuko ilikuwa kazi ya karatasi. Programu ikianguka, walikuwa wanachapisha yote yenye ilikuwa mu memori ya mashini. Fundi anabeba rundo la karatasi, anakaa na kalamu, anatafuta okte moja yenye haiko pa nafasi yake. Memori yenyewe ilikuwa imefanywa na pete ndogo za sumaku zenye ziliitwa « core ». Ni juu ya hiyo Linux na Unix, programu ikikufa, mupaka sasa zinaweza kuacha fishie yenye jina « core ». Pete zilipotea, jina likabakia.

Mu mwezi wa 11 mwaka 1971, kitabu cha kwanza cha kueleza Unix, sistemi ya Bell Labs, kilikuwa tayari na komandi ya herufi mbili: od. Ilionyesha fishie yoyote kwa hesabu ya 8, ile ya oktali. Juu ya nini 8? Unix ilianzia ku mashini PDP-7, yenye neno lake lilikuwa la biti 18, na 18 inagawanyika muzuri kwa 3. Leo fungua Linux yoyote, andika od na jina la fishie: itakujibu. Lakini od inaonyesha tu. Haigeuze kitu.

Kutia mukono ndani

Mu mwezi wa 8 mwaka 1981, IBM ilitosha PC yake ya kwanza. Mu DOS ya mashini hiyo kulikuwa programu ndogo, DEBUG, yenye Tim Paterson aliandika. Komandi D inaonyesha okte, E inazigeuza, W inaandika ku diske. Kwa hiyo mutu wa kawaida, bila ruhusa ya fundi mukubwa, aliweza kuona mbegu moja moja na kubadilisha yenye iliharibika.

Mwaka wenye ulifuata, 1982, Peter Norton aliuza programu zake, Norton Utilities. Yenye ilimujulisha sana ni UnErase, ya kurudisha fishie zenye zilifutwa. Siri yake ilikuwa wazi kwa mutu mwenye anasoma okte. Ku diske za DOS, ukifuta fishie, mashini haiondoe yenye iko ndani. Inageuza tu herufi ya kwanza ya jina kuwa E5, na inaandika kama nafasi ile iko huru. Ni sawa kungoa kibao ku shamba: mihogo ingali mu udongo, mupaka mutu mwingine akuje kulima pale pale. Flashi nyingi zenye tunatumia leo ziko na FAT32, mutoto wa sistemi ile, na E5 ingali inafanya kazi yake.

Sahihi ya ndani

Kama etiketi inadanganya, mutambue aina ya fishie na nini? Watu wenye walitunga aina hizo waliweka alama ku okte za kwanza. Programu za DOS na Windows zinaanza na 4D 5A, ni kusema MZ: herufi za Mark Zbikowski, fundi wa Microsoft. Fishie za ZIP zinaanza na 50 4B, PK: herufi za Phil Katz, mwenye alizitunga mu 1989. PDF inaanza na 25 50 44 46, yaani %PDF. Picha ya JPEG inaanza na FF D8 FF.

Picha ya PNG inaanza na 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A. Okte hizo hazikuchaguliwa ovyo. 0D 0A na 0A ya mwisho ni alama za mwisho wa mustari. Kama fishie ilipita mu njia yenye inachezea mwisho wa mistari, okte hizo zinageuka, na programu inajua palepale kama picha iliharibika ku safari.

Chombo chenyewe

Mu miaka ya 1990 vyombo vya bure vilikuja. Juergen Weigert aliandika xxd, yenye inakuja pamoja na editeri Vim: inageuza fishie kuwa maandishi ya ekzadesimali, na kwa xxd -r inairudisha tena kuwa fishie. Mu 1998, Mufaransa Pascal Rigaux alitosha hexedit. Haina picha wala souris: maandishi tu mu ekrani. Kwa hiyo inatembea hata ku mashini mukongwe, hata ukiwa unaongoza ordinatere ya mbali. Ukifungua fishie unaona hivi:

00000000   50 4B 03 04 14 00 06 00   PK......

Kushoto ni adrese: okte ya ngapi tangu mwanzo. Katikati ni okte zenyewe. Kuume ni herufi zake, na nukta pale okte haina herufi. Tab inakuhamisha kati ya okte na herufi. Ctrl-X inachunga na kutoka, Ctrl-C inatoka bila kuchunga. Ukiandika, okte mupya inakamata nafasi ya ile ya zamani. Haisukume zingine, juu programu nyingi zinatafuta vitu kwa adrese, na kusogeza okte moja kunaweza kuvuruga yote.

Hii inatusaidia nini?

Tunajua wote hadisi ya flashi. Munafunzi anaichomeka ku mashini ya watu, akirudi nyumbani TFC haifunguke, mutu anamuambia « formata tu ». Mbele ya kuformata, angalieni okte.

Kama ile yenye inaitwa TFC inaanza na 4C 00 00 00, hiyo haiko TFC: ni njia ya mukato ya Windows, yenye virusi fulani vinaacha pa nafasi ya kazi yako. Mara nyingi kazi yenyewe iko palepale ku flashi, imefichwa tu.

Kama docx inaanza na 50 4B, jua ni ZIP. Fanya kopi, geuza mwisho wa jina kuwa .zip, ingia mu folda « word »: maneno yako iko mu document.xml. Kama inakataa kufunguka, angalia mwisho wa fishie. ZIP nzima iko na 50 4B 05 06 karibu na mwisho. Kama haiko, kopi ilikatika, labda flashi ilingolewa mbele ya wakati. Komandi zip -FF inaweza kujaribu kukusanya yenye ilibakia.

Kama inaanza na D0 CF 11 E0, ni Word ya zamani yenye ilipewa jina la docx, ao ni docx yenye ilifungwa na neno la siri. Haikukufa.

Na kama ni 00 00 00 tangu mwanzo mupaka mwisho? Pale ndani ya fishie ile hakuna mbegu. Inauma, lakini ni jibu la kweli, na unajua sasa ni wakati wa kutafuta kopi ingine, haiko wakati wa kulipa mutu mwenye anakuahidi miujiza.

Sharti ni moja: kazi yote ifanyikie ku kopi, hapana ku fishie ya kweli. Na flashi yenye ilipoteza kitu, musiandike tena kitu juu yake, juu kila fishie mupya inaweza kulima pale mihogo yenu ingali.

Tangu rundo la karatasi mupaka hexedit, mafundi hawa walikuwa na tabia moja: walikataa kuhukumu mufuko mbele ya kuufungua. Programu ikiwaambia « fishie imeharibika », hiyo ni maoni ya programu. Okte mutazisoma ninyi wenyewe.