Kumi na Moja kwa Kumi na Moja

Juzi Jaws Corner, kwenye kahawa, kijana mmoja wa kompyuta alinitupia swali la fani yake. Mashine zimepangwa duara, zote sawa, hazina majina wala namba: zitamchaguaje kiongozi? Mwaka 1980 Dana Angluin wa Marekani alithibitisha kuwa kwa kanuni isiyobahatisha haiwezekani. Ikijitangaza moja, zote zitajitangaza. Mwaka uliofuata Itai na Rodeh wakaonyesha njia: kila mashine irushe shilingi, mpaka mmoja ajitenge. Sharti zijue idadi yao.

Mawazo yangu yakaenda Januari 1961. Viti 22: ASP 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Wale watatu wakagawanyika, wawili kwa Hizbu, mmoja kwa ASP. Kumi na moja kwa kumi na moja! Na kiti cha Chake Chake ASP walikipata kwa kura moja tu.

Waingereza wakaweka serikali ya muda, wakaongeza kiti cha 23, uchaguzi ukarudiwa Juni 1. ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3, na safari hii ZPPP wote wakaenda Hizbu. Muhammad Shamte akawa Waziri Kiongozi, ingawa ASP ndio waliopata kura nyingi. Barazani hesabu ilikubali. Nje, machafuko yaliua watu 68, wengi wao katika mashamba ya Unguja.

Kijana akauliza kwa nini hawakurusha shilingi. Nikamwonyesha wazee wawili waliokaa mbele yetu, wakibishana bado juu ya ile kura moja ya Chake Chake.