Jahazi na Usukani: Siasa katika Fasihi Pendwa ya Wakristo wa Kiinjili nchini Marekani

Wahakiki wengi wamezoea kuichukulia fasihi pendwa ya kidini kuwa mahubiri matupu yasiyostahili uhakiki. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Tunadai kwamba historia ya siasa za Wakristo wa kiinjili nchini Marekani haieleweki barabara pasipo kuchunguza vitabu na filamu zao, kwa kuwa humo ndimo waumini wengi walimojifunza kumtambua adui kabla ya kuitwa kupiga kura dhidi yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, maudhui makuu ya sanaa hizo yalikuwa wokovu wa nafsi. Kitabu cha Hal Lindsey, The Late Great Planet Earth (1970), na filamu A Thief in the Night (1972) vilisimulia kunyakuliwa kwa waumini na dhiki ya siku za mwisho. Siasa za mataifa zilikuwamo, lakini kama ishara za kusomwa tu. Dunia ilikuwa jahazi linalozama. Wajibu wa muumini ulikuwa kuwaokoa abiria, si kugombea usukani.

Mgeuko ulitokea katika nusu ya pili ya mwongo huo. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ilihalalisha utoaji mimba. Mwaka 1976 serikali ilikiondolea Chuo Kikuu cha Bob Jones msamaha wa kodi kwa sababu ya ubaguzi wake wa rangi. Wanahistoria wanabishana kuhusu ni lipi kati ya mawili hayo lililowachochea zaidi viongozi. Hata hivyo, uwanja ulikuwa umekwisha kuandaliwa na sanaa. Filamu za Francis Schaeffer, How Should We Then Live? (1977) na Whatever Happened to the Human Race? (1979), zilizoonyeshwa makanisani, zilifunza kwamba maovu mbalimbali ya jamii yalitokana na itikadi moja inayomweka binadamu mahali pa Mungu. Mwaka 1979 Jerry Falwell aliunda Moral Majority, na mwaka 1980 Ronald Reagan akachaguliwa rais.

Kiungo cha siasa na riwaya ni Tim LaHaye, mmojawapo wa viongozi wa Moral Majority. Katika The Battle for the Mind (1980) aliishambulia itikadi hiyo kwa hoja. Tangu 1995, akishirikiana na Jerry B. Jenkins, aliisawiri kwa visa katika Left Behind, mfululizo wa vitabu 16 uliokamilika mwaka 2007 baada ya kuuza nakala zaidi ya milioni 60. Humo Mpinga Kristo anakuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Adui wa kiroho na mpinzani wa kisiasa wamekuwa mhusika mmoja. Aidha, mfululizo wa filamu za God's Not Dead, ulioanzia darasani mwaka 2014, ulifikia mwaka 2024 kumwonyesha mchungaji akiwania kiti katika Bunge. Usukani sasa unagombewa waziwazi.

Kwa msomaji aliyelelewa na Kusadikika ya Shaaban Robert, suala si iwapo fasihi ya dini iguse siasa. Karama, ingawa ni mshtakiwa, anapewa nafasi ya kujitetea. Mpinzani aliyekwisha kusawiriwa kuwa Mpinga Kristo hana utetezi wowote. Na msomaji aliyemzoea vitabuni hatakuwa na subira ya kumsikiliza jirani yake.